Fundi wa Sauti ya Chini

Jim Reeves alianza kwa kelele. Santuri yake ya kwanza iliyovuma, "Mexican Joe" ya mwaka 1953, ni ya mbio na vishindo: ala zinafukuzana, na mwimbaji anapasua sauti juu apate kusikika hadi safu ya mwisho ya ukumbi. "Bimbo", iliyofuata na kukwea hadi nafasi ya kwanza ya chati ya kantri mwanzoni mwa 1954, nayo ni wimbo wa mzaha, wa kupigiwa makofi Jumamosi usiku. Nyimbo hizo zilimpa jina na riziki. Lakini mtu aliyemjua Jim Reeves kupitia redio za Afrika Mashariki, yule wa sauti nzito inayotiririka polepole, akizisikia leo atauliza ni nani huyu anayeimba.

Yule wa sauti nzito alipatikana Februari 1957, studioni, jijini Nashville katika jimbo la Tennessee. Wakati huo alikuwa na miaka 33, rekodi kadhaa zilizofanya vizuri, na nafasi katika Grand Ole Opry, onyesho la redio ambalo waimbaji wa kantri walilitazama kama kilele cha kazi yao. Wimbo uliomtoa, ukamtenga na wenzake waliojaa mjini humo, ni "Four Walls". Alichofanya siku hiyo ni kidogo kwa macho: alisogea mbele mpaka midomo ikakaribia kuigusa maikrofoni, akaishusha sauti hadi pale inapokaa yenyewe pasipo kulazimishwa, akaimba kwa kiasi kile mtu anachotumia kuzungumza na mwenzake aliye upande wa pili wa meza. Hatua hiyo fupi ilibadilisha maisha yake, na ilisaidia kubadilisha muziki wa kantri wenyewe. Inafaa iangaliwe kama ufundi, kwa sababu wengi huidhani ni bahati ya koo, sauti nzuri aliyojaliwa na Mungu basi. Sauti alijaliwa. Namna ya kuitumia aliitafuta.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, kijiji cha kaunti ya Panola mashariki mwa Texas, kitinda mimba wa familia kubwa ya wakulima. Baba alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mama, Beulah, akabaki na shamba na watoto. Gita alilipenda tangu utotoni, ila kilichomtoa kijijini ni besiboli. Alikuwa mrushaji mpira mzuri kiasi cha kuchukuliwa katika timu za daraja la chini za St. Louis Cardinals, na huenda angedumu huko kama si jeraha la mwaka 1947 lililoharibu mshipa wa fahamu wa mguu. Mrushaji asiyeweza kuukita mguu hana kazi. Mwaka huohuo alikuwa ameoa. Akatafuta ajira nyingine, akaipata redioni.

Wasifu mwingi wa Reeves hupita haraka kwenye miaka hiyo ya redio, na hapo ndipo unapokosea njia. Kituo cha KGRI cha Henderson, Texas, kilikuwa kidogo, na mtangazaji wa kituo kidogo hufanya yote: husoma habari, husoma matangazo ya biashara, huweka santuri, hujaza kimya kinapotokea. Baadaye alihamia KWKH ya Shreveport, Louisiana, kituo kilichosikika mbali sana na kilichorusha Louisiana Hayride, onyesho la Jumamosi lililowainua Hank Williams na Elvis Presley. Reeves alitangaza kwanza, akaimba baadaye. Utangazaji ulimfundisha jambo ambalo jukwaa halimfundishi mtu: kwamba hewani hakuna umati. Wasikilizaji wanaweza kuwa maelfu kwa maelfu, lakini kila mmoja yuko jikoni kwake, au garini, au kitandani, peke yake au na watu wawili watatu. Ukimpigia kelele, anapunguza redio. Ukizungumza naye kwa utaratibu, anasogea mwenyewe.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Reeves aliishi na sauti mbili. Akiwa mtangazaji alizungumza kwa baritoni tulivu, kila neno likiwa na nafasi yake. Akiwa mwimbaji alipanda juu na kupaza, kwa kuwa ndivyo kantri ilivyoimbwa wakati ule, ikitoka puani na kifuani kwa nguvu, ikishindana na fidla na gita la chuma. Kazi ya Februari 1957 ilikuwa kumruhusu mtangazaji aimbe.

Kwa nini ukaribu una uzito wote huo? Maikrofoni nyingi za studio, zile zinazopokea zaidi sauti inayotoka upande mmoja, zina tabia ambayo kila fundi mitambo anaijua: kadiri mdomo unavyozikaribia, ndivyo zinavyoongeza besi. Mwimbaji aliye mita moja mbali husikika mwembamba, na chumba kizima husikika nyuma yake. Akifika umbali wa upana wa kiganja, kifua chake kinaingia kwenye rekodi. Chumba kinatoweka. Msikilizaji aliye nyumbani anapata hisia kwamba hakuna tena chombo kati yake na yule anayeimba.

Lakini umbali huo hausamehe kosa. P na B hutoa pumzi ya ghafla inayoigonga maikrofoni kwa kishindo, kwa hiyo sharti zilegezwe bila kumezwa. S hupiga mluzi. Hewa inayovutwa kabla ya mstari husikika ikiingia, basi inabidi ivutwe mapema na kwa utulivu, wala si kunyakuliwa dakika ya mwisho. Mate husikika. Kutetereka kidogo kwa noti, ambako jukwaani kungefunikwa na ngoma na vifijo, hapa kunabaki wazi. Kuna ugumu mwingine ambao asiyeimba hauoni kwa urahisi: noti ya chini iliyoimbwa kwa upole hushikiliwa kwa pumzi inayotoka kidogo kidogo, na pumzi hiyo ikiyumba, noti inashuka au inakwaruza. Anayepaza ana nguvu za kumfichia aibu. Anayeshusha hana pa kujificha.

Msikilize Reeves anavyomaliza mstari. Hakati neno, wala haliburuti. Anaiacha irabu ijae, anaipunguza taratibu, kisha konsonanti ya mwisho anaiweka mahali pake, ndogo lakini kamili, hata mtu aliyejifunza Kiingereza darasani anaikamata. Baadaye anasubiri. Kimya chake kina urefu uliopimwa. Msikilizaji wa Mombasa au Nairobi aliyekulia kwenye nyimbo za Fundi Konde anaujua ufundi wa jinsi hii, maana Konde naye, katika rekodi zake za enzi hizohizo, aliimba bila kupaza, akaacha gita na maneno yatembee pamoja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Muziki wao ni mbalimbali kabisa. Kinachowakutanisha ni kwamba wote wawili walielewa maikrofoni ni ya nini.

Mwaka 1957 haukuwa mwaka wa utulivu kwa watu wa Nashville. Elvis Presley na wenzake wa roki walikuwa wamewachukua vijana. Vituo vya redio vilikuwa vinabadilisha vipindi, na santuri za kantri zilikuwa zinapoteza soko. Watayarishaji wakaanza kutafuta namna ya kuwafikia watu wazima wa mijini ambao hawakutaka roki na pia hawakutaka kelele za fidla. Chet Atkins wa kampuni ya santuri ya RCA, mpiga gita ambaye vidole vyake vingemtosha mtu mmoja kwa umaarufu wa maisha mazima, na Owen Bradley wa Decca, wakaanza kupunguza: fidla ikatoka, gita la chuma likarudi nyuma au likaondoka, mahali pake wakaingia waitikiaji wenye sauti laini, piano ya kudondosha noti chache, na ngoma iliyosikika kwa kunong'ona. Ferlin Husky alikuwa amesharekodi "Gone" kwa mtindo unaofanana na huo mwishoni mwa 1956, na Sonny James alikuwa na "Young Love". Hewa ilikuwa inabadilika. Reeves hakuwa peke yake aliyeinusa, ila yeye alileta kitu ambacho mpangilio wa ala pekee haungeweza kukileta.

"Four Walls" iliandikwa na Marvin Moore na George Campbell. Ilipofika RCA, Atkins aliiona ni ya mwanamke. Dhana hiyo si ya ajabu ukiufuata wimbo wenyewe: mtu yuko nyumbani, ampendaye yuko nje kwenye taa za mji na starehe zake, na anayesubiri hana la kufanya ila kusikiliza hatua ambazo haziji na kutazama kuta za chumba. Katika kantri ya wakati ule, mwanaume ndiye aliyekuwa nje na mwanamke ndiye aliyesubiri. Mwanaume aliyeachwa aliruhusiwa kulewa, kugombana, kupanda treni akaenda zake. Kuketi chumbani na kungoja hakukuwa kwake.

Reeves aliutaka. Naona hapa ndipo ilipo akili yake kubwa kuliko hata sauti: aliuona wimbo uliokuwa unahitaji kile ambacho yeye peke yake, kati ya waimbaji wa RCA, alikuwa nacho na bado hajakitumia. Mtu aliye peke yake chumbani usiku hapigi kelele. Hana wa kumpigia. Ukimpa "Four Walls" mwimbaji wa kupaza, hadithi inaharibika tangu mstari wa kwanza, kwa sababu sauti inasema kuna umati na maneno yanasema hakuna mtu. Sauti ya chini inayotoka karibu inakubaliana na maneno. Inakuwa sauti ya mtu anayejisemea. Na kwa kuwa ni mwanaume, tena mwenye sauti nzito ya kiume isiyo na shaka, unyonge wake unapata heshima ambayo hakuna aliyeutarajia kuwa nayo. Wengine wangeweza kuuimba vizuri. Jim Lowe aliurekodi mwaka huohuo, na toleo lake nalo likaingia kwenye chati. Ukiyasikiliza yote mawili, utaona lipi limekaa chumbani na lipi liko jukwaani.

Ndani ya RCA kulikuwa na upinzani. Kuimba karibu hivyo na maikrofoni, kwa sauti ndogo hivyo, kulikwenda kinyume na desturi ya kampuni na desturi ya muziki wenyewe. Atkins, ambaye awali hakuutaka wimbo, ndiye aliyesimama upande wa mwimbaji. Jambo hilo halitajwi vya kutosha anapotajwa Atkins. Mtayarishaji hodari si yule anayekuwa sahihi mara ya kwanza. Ni yule anayesikia alipokosea kabla mkanda haujasimama, akapanga ala zote kumtumikia aliye sahihi. Katika rekodi hiyo kundi la The Jordanaires, lililokuwa likimwitikia Elvis pia, linaingia kwa mbali na kujitandaza nyuma ya mwimbaji bila kumgusa. Gita linajibu mstari kwa noti chache. Hakuna ala inayojaribu kusikika.

Wimbo ulifika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri na nafasi ya 11 katika chati ya muziki wa pop. Hiyo namba 11 ndiyo iliyowashtua watu. Mwimbaji wa kantri kutoka mashariki mwa Texas alikuwa ameingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kununua santuri ya kantri. Mwaka uliofuata ukaja "Blue Boy", na bendi yake, iliyokuwa ikiitwa Wagonmasters, ikabadilishwa jina kuwa Blue Boys. Polepole aliacha kofia na mavazi ya kichunga ng'ombe akavaa suti, na watu wakaanza kumwita Gentleman Jim. Suti ilifuata sauti. Mtu hawezi kuimba kwa utulivu ule akiwa amevaa koti la shanga na nyuzi zinazoning'inia. Macho na masikio yangegombana.

Si kila mtu alifurahi. Wapo walioona, na wapo wanaoona hadi leo, kwamba Nashville iliuza roho ya kantri pale ilipotoa fidla na kuweka waitikiaji. Inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa sauti ya Nashville ni nini hasa, alitia mkono mfukoni akachezesha sarafu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa mtindo ulipogeuka kuwa kawaida ya kiwanda, rekodi nyingi zilitoka zikiwa laini kwa nje na tupu kwa ndani, na waimbaji wenye sauti za kukwaruza walisukumwa pembeni bila haki. Lakini kuimwagia Reeves lawama hiyo ni kuchanganya ganda na kiini. Ondoa waitikiaji, ondoa piano, "Four Walls" inabaki imesimama, kwa kuwa anayeibeba ni mtu mmoja na pumzi yake. Kuna waimbaji waliopambwa kwa ulaini. Reeves aliujenga ulaini huo mwenyewe, neno kwa neno, na hakuna mpambaji anayeweza kukufanyia kazi hiyo.

Kipimo kamili cha ufundi huo kilikuja miaka miwili baadaye. Joe na Audrey Allison walikuwa mke na mume, wote watunzi. Audrey alikuwa na sauti ndogo, na inasimuliwa kwamba walipokuwa wakizungumza kwa simu, Joe alilazimika kumwomba asogeze mdomo karibu na chombo ili amsikie. Kutokana na ombi hilo la kawaida la nyumbani wakatunga "He'll Have to Go": mwanaume yuko baa, anampigia simu mpenzi wake, na anajua kuwa huko nyumbani kuna mwanaume mwingine aliye pembeni yake. Anamtaka aamue. Hatoi matusi wala vitisho. Anaongea chini kwa sababu yuko hadharani, na kwa sababu akipandisha sauti atakuwa ameshashindwa.

Billy Brown ndiye aliyeurekodi kwanza, mwaka 1959. Reeves alikuwa ameusikia na kuupenda. Toleo la Brown lilipokosa kuvuma, akauchukua, akaurekodi Oktoba mwaka huo. Fikiria jinsi mambo yalivyopangana. Wimbo unahusu mtu anayeweka mdomo karibu na chombo na kusema kwa sauti ya chini, naye mwimbaji kazi yake ndiyo hiyohiyo, kuweka mdomo karibu na chombo na kusema kwa sauti ya chini. Maikrofoni inageuka kuwa simu. Msikilizaji anageuka kuwa yule aliye upande wa pili wa waya, anayetakiwa kuamua. Hakuna maigizo yanayohitajika, kwa kuwa studio yenyewe imekuwa tukio. Mpangilio umepungua hata kuliko wa "Four Walls": vibrafoni inadondosha noti zake, piano ya Floyd Cramer iko kwa mbali, The Anita Kerr Singers wanapita kama pazia, na sauti ya Reeves inateremka hadi noti za chini kabisa bila kupoteza neno hata moja. Huko chini waimbaji wengi hubaki na mngurumo tu. Yeye bado anazungumza.

Kampuni ilidhani wimbo mkuu wa santuri hiyo ni ule wa upande wa pili, "In a Mansion Stands My Love". Watangazaji wa redio waliigeuza. Haishangazi: watu wa redio waliitambua sauti ya mwenzao. Mwaka 1960 "He'll Have to Go" ilikaa wiki 14 katika nafasi ya kwanza ya chati ya kantri na ikafika nafasi ya pili katika chati ya pop.

Kuanzia hapo sauti hiyo ilisafiri mbali kuliko mwenyewe alivyoweza kupanga. Ilipendwa Norway, India, Sri Lanka, Afrika Kusini. Mwaka 1962 alizuru Afrika Kusini pamoja na Atkins na Cramer, akarudi kuigiza katika filamu ya Kimberley Jim, na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikaans, lugha ambayo hakuijua. Nchi ile ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi, na ukumbi wa tamasha haukuwa wa kila mtu. Redio ndiyo iliyovuka ua. Weusi wa Afrika Kusini walimpenda kupitia spika, na kaskazini zaidi ikawa vivyo hivyo.

Kenya ilikuwa na masikio ya kantri kabla hata ya Reeves kurekodi chochote. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba wimbo unaomtaja Chemirocha, na huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, baba wa kantri, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwenye gramafoni za vijijini huko. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933. Jina lake lilikuwa limevaa matamshi ya Kikipsigis na kuanza maisha mapya. Reeves alipofika kwa njia ya redio katika miaka ya 1960, alipata mlango uliokwisha kufunguliwa. Idhaa za Kiingereza zilimcheza, Krismasi ilikuja na santuri yake ya nyimbo za sikukuu ya mwaka 1963, na wapiga gita wa baa waliosimama peke yao na maikrofoni moja wakamchukua katika orodha zao. Hadi karne hii Nairobi imekuwa na waimbaji wa kantri wa kujitegemea. Elvis Otieno, anayejulikana kwa jina la Sir Elvis, amejijengea jina kubwa kwa muziki huo.

Sababu ya kupendwa huko hutafutwa mbali: eti mahubiri ya wamisionari, eti maisha ya shamba yanafanana. Zote zina sehemu yake. Lakini sababu iliyo karibu zaidi ni ya kifundi. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu alipata hapa mwimbaji ambaye kila neno lake linasikika, ambaye hatembei haraka kuliko akili ya msikilizaji, na ambaye anasubiri baada ya mstari ili maana ifike. Wengi waliandika maneno ya nyimbo zake kwenye madaftari ya shule wakiwa wameinamia redio. Huwezi kufanya hivyo na mwimbaji anayepaza, kwa kuwa kelele hula konsonanti kwanza. Heshima aliyomfanyia msikilizaji wa Texas, ya kuzungumza naye mmoja mmoja, ilimfaa zaidi msikilizaji wa Kericho au Machakos ambaye Reeves hakuwahi kumfikiria.

Tarehe 31 Julai 1964, akiwa na miaka 40, alikuwa akirusha mwenyewe ndege yake ndogo kurudi Nashville kutoka Arkansas, pamoja na mpiga piano wake Dean Manuel. Waliingia katika dhoruba karibu na mji. Mabaki yalipatikana siku mbili baadaye. Alizikwa Carthage, Texas, si mbali na alikozaliwa.

Mke wake, Mary, alibaki na kanda nyingi, akaendelea kuzitoa kwa miaka mingi, na namna zilivyotumika inaeleza ufundi wa mumewe vizuri kuliko sifa zozote. "Distant Drums" ilikuwa rekodi ya mfano tu, aliyomwimbia mtunzi wake, Cindy Walker, kwa kuwa ilionekana haifai kutolewa kama santuri yake. Baada ya kifo chake ikavikwa ala mpya, na mwaka 1966 ikashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano, katika mwaka ambao The Beatles walikuwa kileleni mwa uwezo wao. Rekodi ya mfano huimbwa bila maandalizi makubwa, kumwonyesha mtu jinsi wimbo unavyokwenda. Yake ilikuwa imekamilika: pumzi mahali pake, maneno mahali pake, umbali uleule kati ya mdomo na maikrofoni.

Mwaka 1981 Owen Bradley alienda mbali zaidi. Patsy Cline, mwimbaji mkuu aliyefanya naye kazi Decca, alikuwa amekufa katika ajali ya ndege Machi 1963, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya Reeves. Wote wawili walikuwa wamerekodi "Have You Ever Been Lonely", kila mmoja peke yake, katika kampuni tofauti. Kwa kuwa kanda zao zilikuwa na njia tatu na sauti ya mwimbaji iliwekwa katika njia yake, mafundi waliweza kuziondoa sauti hizo mbili kutoka kwenye muziki wa zamani na kuziweka pamoja juu ya muziki mpya. Kazi hiyo inawezekana tu pale sauti ilipoingia kwenye kanda ikiwa safi, bila ngoma na piano kuvuja ndani yake, na mtu aliyesimama sentimita chache mbele ya maikrofoni alikuwa amewarahisishia kazi miaka ipatayo ishirini kabla. Santuri ilitoka, ikaingia katika tano bora za chati ya kantri ya Marekani, na kwa watu waliokuwa wadogo mno mwaka 1957 huo ukawa ndio mwanzo wa kumjua Jim Reeves.